Mtungi wa shilingi 8,000 ndani ya karakana ya friji

Wateja wangu wananicheka. Mtu analeta friji lake limekufa kompresa, anaingia karakanani kwangu hapa Dodoma jasho linamtiririka, anaomba maji ya baridi, nami namchotea mtungini. "Fundi, ina maana wewe mwenyewe huna friji?" Ninalo. Ninayo matatu yangu, na ya watu yanayosubiri vipuri yamejaa mpaka mlangoni. Ila maji ya kunywa, tangu Oktoba ya mwaka jana, nakunywa ya mtungi. Nimeupima kwa vipimo vile vile ninavyopimia mafriji ya watu, na nimeona bora niandike, maana mitandaoni mitungi inasifiwa kama uchawi na wengine wanaibeza kama ushamba.

Nilianza vibaya. Mwezi wa tisa, umeme ukiwa unakatika kila baada ya siku mbili, nilinunua mtungi kwenye duka moja la mapambo hapa mjini. Shilingi 45,000. Mzuri kweli kweli: mwekundu, maua ya njano shingoni, umepakwa vanishi unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Muuzaji akaniambia unapoza kuliko friji. Nikaujaza maji, nikauweka kwenye meza, nikasubiri siku mbili. Hewa ya karakana nyuzi 30, maji ya mtungi nyuzi 29. Nje umekauka kama sahani ya kaure. Nikaona ndiyo yale yale, nimeuziwa maneno. Nikaumwaga, nikausukuma chini ya meza nyuma ya makasha ya kompresa mbovu. Kumbukeni huo mtungi, nitaurudia.

Mwisho wa mwezi ule ule nikaitwa Kyela kutengeneza friji la kuhifadhia samaki. Kazi ilipoisha nilikuwa na siku moja mkononi, nikateremka mpaka Matema, kwenye gulio la kando ya Ziwa Nyasa. Ukifika pale utawaona kina mama wa Kikisi na vyungu vyao vimepangwa mchangani kwa safu, vingine bado vinashushwa kwenye mtumbwi. Wakisi na ufinyanzi ni kitu kimoja. Nyanda zote zile za Mbeya chungu kikisifiwa huulizwi kimetoka wapi. Nikamwambia mama mmoja nataka wa maji ya kunywa. Nilidhani atanipa ule uliosuguliwa ukang'aa zaidi. Akanipa wa nyuma, rangi ya tofali iliyopauka, una doa jeusi ubavuni pale moto ulipoulamba. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia ngii. Akagonga wa pili wake, ukatoa sauti ya bati lililopasuka. "Huo usiuchukue hata nikikupa bure," akasema. Kisha akanionya: "Baba, siku tatu za kwanza utaona unavuja. Hauvuji. Usiurudishe."

Shilingi 8,000. Ukaingia kwenye gunia la pumba za mpunga, kondakta akanitoza 5,000 za mzigo pamoja na kejeli za bure mpaka Mbeya.

Sasa vipimo. Mtungi una ujazo wa lita 12. Ukiwa mkavu ulikuwa na uzito wa kilo tano. Niliuzamisha kwenye beseni usiku kucha, asubuhi nikaufuta, nikaupandisha kwenye mzani wangu wa kupimia gesi ya friji unaosoma gramu tano tano: kilo 5.6. Gramu 600 za maji zilikuwa zimo ndani ya udongo wenyewe, ndani ya ukuta wake, kwenye vitundu ambavyo hata ukitumia miwani huvioni. Vyungu hivi havichomwi kwenye tanuri la kiwandani. Vinachomwa kwa moto wa wazi, wa kuni na majani, na moto huo hautoshi kuyeyusha udongo mpaka vitundu vizibane. Ile sahani ya kaure ya kwako imechomwa kwa joto kali zaidi na kupakwa kioo juu. Haiwezi kupoza chochote.

Nilipoujaza nilikaa kuuangalia, nisingeweza kujizuia. Doa la kwanza lilitokea chini karibu na kitako, dogo, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, rangi ikabadilika kutoka tofali kuwa kahawia. Likatanuka. Likakutana na doa lingine. Baada ya saa moja nusu ya chini yote ilikuwa imekolea, na mpaka wa juu ulikuwa unapanda polepole kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Sehemu ya shingo, juu ya usawa wa maji, nayo ikalowa, ingawa ndani hakukuwa na maji ya kuisukuma. Udongo ulikuwa unayanyonya wenyewe kwenda juu. Ukigusa nje ni baridi na unyevu kama pua ya mbwa, lakini hakuna tone. Matone yalianza usiku, hewa ilipopoa, yakatengeneza dimbwi dogo sakafuni, na kweli kwa siku tatu yule mama wa Matema alikuwa ananisimanga kutoka mbali.

Oktoba Dodoma hewa imekauka hasa. Saa tisa alasiri kipimo changu kilikuwa kinasoma nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 30. Maji ya mtungi: nyuzi 22. Saa kumi na mbili asubuhi: nyuzi 18. Kwa siku nzima, mchana na usiku, mtungi ulikuwa unapungua gramu 1,080. Sikuamini, nikarudia siku tano. Mara 1,050, mara 1,110, hivyo hivyo.

Hapa kwa fundi friji panachekesha. Kazi yetu yote ni kanuni moja: kimiminika kikigeuka mvuke, lazima kichukue joto mahali. Ndani ya friji, gesi inachemka kwenye evapoureta, yale mabomba ya ndani yanayopoza, na kuchukua joto la soda zako. Kompresa inaisukuma mpaka nyuma ya friji ikalimwage lile joto. Kisha inarudi kuanza upya. Mtungi nao una evapoureta, ni ngozi yake nzima. Gesi yake ni maji. Kilichokosekana ni kompresa ya kuirudisha, kwa hiyo ikitoka imetoka, na wewe unajaza tena kwa ndoo. Friji la gesi ya R600a likipungua gramu kumi najua kuna tundu na naanza kulitafuta kwa povu la sabuni. Kwenye mtungi, kupungua ndiyo kazi yenyewe. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kutosha kupoza gramu kama 580 kwa nyuzi moja. Piga hesabu: lita 12 zinashuka nyuzi moja kwa maji ya kijiko kimoja na nusu cha chakula kupotea hewani.

Mteja mmoja, mwalimu, aliniuliza swali zuri: kama ni hivyo, kwa nini maji yasishuke mpaka yagande, maana mtungi unatoa vijiko na vijiko? Kwa sababu joto nalo haliko likizo. Maji yakishakuwa nyuzi 22 na hewa ni 31, joto linaingia kutoka nje kupitia ule ule udongo ambao unyevu unatokea. Kadiri maji yanavyopoa, joto linaingia kwa kasi zaidi, na mvuke unatoka kwa kasi ndogo zaidi. Vinakutana mahali, vinasimama. Mahali hapo unaweza kupajua kabla hujanunua mtungi: chukua kipimajoto, kivalishe utambi wa pamba uliolowa kwenye kitako, kipepee. Mimi kwangu saa tisa alasiri kilishuka mpaka 19. Hiyo ndiyo sakafu ya saa ile, mtungi hauwezi kuivuka, na wa kwangu kuishia 22 ni alama nzuri sana kwa kitu kisicho na waya.

Nikaanza kuuchezea. Nikauhamishia pembeni nyuma ya mlango, hewa imetulia: 24. Nikauwekea feni: 21. Nikauvisha mfuko wa nailoni mkubwa na kuufunga shingoni. Kwa saa kadhaa mfuko ukajaa ukungu kwa ndani, na kufika jioni maji yalikuwa 28. Udongo ule ule, umelowa vile vile, ila mvuke hauna pa kwenda.

Jaribio lililonifundisha zaidi ni la jua. Jirani yangu wa duka la vipuri alishikilia kwamba ukiuanika juani utatoa jasho zaidi, kwa hiyo utapoa zaidi. Nusu ya maneno yake ni kweli. Juani, kuanzia saa tatu mpaka saa kumi, ulipoteza maji karibu mara mbili ya siku ya kivulini, lakini maji yalipanda mpaka 27. Jua lilikuwa linaulipia mvuke kutoka nje, kwa hiyo haukuwa na haja ya kukopa joto ndani. Tena sehemu iliyotazama jua ilipauka, ikarudia rangi ya tofali, kwa maana maji yalikuwa yanakauka ndani ya ukuta kabla hayajafika usoni. Ukiona mtungi wako umepauka mchana, ujue unakauka kwa ndani, na ubaridi unazaliwa mbali na hewa. Usogeze.

Mwishoni mwa Novemba, kabla mvua haijaanza, ukaanza kunipa maji ya nyuzi 24 kwa hali ile ile ya hewa. Kwa nje ulikuwa umeota unga mweupe, hasa kwenye mstari wa juu pale unyevu unapokomea. Ni chumvi. Maji yetu ya visima yana chumvi nyingi, angalieni mabirika yenu. Maji yanapenya udongo yakiwa yamebeba chumvi, yanafika nje, maji yanaondoka na chumvi inabaki. Siku ya kwanza si kitu. Mwezi wa pili vitundu vimeanza kuziba, na pale shingoni kipande kama ukucha kikabanduka chenyewe, kimesukumwa na chumvi iliyoganda nyuma yake. Nikausugua nje kwa brashi, maji ya moto na ndimu mbili, ukarudi 22 na nusu. Sasa nausugua kila Jumapili ya pili. Sabuni sitii kabisa, ndani wala nje, maana itaingia ukutani na utainywa wiki nzima.

Aprili nikaenda Pangani kumwona mama, nikaubeba. Ni upumbavu wa kitaalamu, najua. Mama ana wake, umekaa kwenye pembe ya ukumbi juu ya mafiga matatu tangu sijaanza shule, kawa juu yake na kata ya kifuu inaning'inia ukutani. Tukaiweka miwili sambamba. Masika, hewa nyuzi 30, unyevu asilimia 80. Wangu: 28. Wa mama: 28. Kwa siku nzima wangu ulipungua gramu 350 tu, na sakafu chini yake haikukauka.

"Mama, mtungi wako haupozi," nikamwambia.

"Nani kakwambia unapoza?" akajibu. "Wakati huu haupozi. Ngoja kaskazi ianze kuvuma, uje unywe. Saa hizi mtungi ni wa utamu wa maji."

Na ni kweli anaufukiza ubani kabla ya kuujaza, kitu ambacho sikuwahi kukipima wala sitakipima. Nilikunywa glasi mbili. Lakini ninyi wa Tanga, Dar, Unguja na Mombasa mnaoniuliza kama mnunue: kama mnataka ubaridi, pwani miezi ya mvua mtungi ni nyuzi mbili tu, si zaidi, na hakuna mfinyanzi atakayewabadilishia hewa yenu. Mnaotoka Dodoma, Singida, Shinyanga, nunueni kesho.

Nikiwa kule kaka yangu akanionyesha ukuta wa nyuma. Nyumba ile sehemu ya zamani ni mawe na chokaa. Mwaka juzi kaka akaipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta ili ipendeze, na sasa rangi imevimba malengelenge tangu chini mpaka usawa wa kiuno. Ukibonyeza moja, maji yanatoka, na ndani yake unga mweupe. Alikuwa anataka kumfokea muuza rangi. Nikamwambia aje aone mtungi. Ukuta wa zamani ulikuwa unakunywa kutoka ardhini na kukaukia usoni, miaka yote hiyo. Yeye kauvisha mfuko wa nailoni.

Kasoro za mtungi wangu, maana hii si hotuba ya harusi. Ni mzito na hausamehe: ukiuangusha umekwisha. Wiki nzima ya kwanza maji yalikuwa na ladha ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Mimi naipenda, mke wangu haipendi. Ndani unaota utelezi usiposuguliwa. Hausafishi maji, msidanganyike. Maji yasiyochemshwa yakiingia humo yanatoka yakiwa na vijidudu vile vile, vimepoa tu, na kila mtu akichovya kikombe chake anaongeza vyake. Mimi natumia kata yenye mpini mrefu na hakuna mkono unaoingia. Na nyama haiwezi. Nyuzi 22 kwa nyama ni karibu na kuiacha mezani.

Mboga ni kitu kingine. Kulikuwa na mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyepata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kuweka chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, mboga ndani. Nimejaribu kwa vyungu viwili vya 6,000 na mchanga wa mtoni. Nyanya zilizokaa mezani zilianza kusinyaa siku ya nne. Zilizokuwa chunguni niliendelea kuzila mpaka siku ya tisa. Kaskazini ya Nigeria kukavu kama kwetu. Pangani sikujaribu, na kwa nilichokiona kwa ile miwili ya mama, nisingepoteza nyanya.

Narudi kwenye ule wa 45,000. Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha chini ya meza nikaukuta, una maji kidogo tuliyokuwa tunachovyia brashi. Vanishi ilikuwa imefanya malengelenge madogo karibu na kitako, kama ukuta wa kaka. Nikachukua msasa namba 80. Nikausugua upande mmoja tu, kuanzia shingo mpaka chini, maua yakatoka, vanishi ikatoka, mpaka udongo wenyewe ukaonekana. Upande wa pili nikauacha na urembo wake. Nikaujaza maji saa mbili asubuhi.

Kufikia saa sita upande niliosugua ulikuwa umekolea rangi ya kahawa, umelowa, baridi mkononi. Mpaka ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na upande wa pili maua ya njano yalikuwa makavu kabisa yananitazama. Saa tisa maji yalikuwa nyuzi 25. Nusu ya ngozi, karibu nusu ya kazi.

Sikuumalizia kuusugua. Nimeuweka mlangoni hivyo hivyo, na mteja akianza kunicheka kuhusu mtungi namwambia weka kiganja cha kulia huku, cha kushoto huku.